Chubwi Kiunoni mwa Donati

Aurelia alizaliwa Lupiro kwa wavuvi, akaolewa Ifakara kwa watu wanaokula samaki wa wavuvi huku wakiziba pua. Mumewe, Hilari, alimwachia mimba akaenda Kimamba kukata mkonge. Mwanaye Donati alikuwa hajamtia machoni. Alituma salamu tu, na salamu hazinyonyeshi.

Mwanamume akiwa mbali, mke hulindwa na mama mkwe. Bi Katarina alimlaza Aurelia chumbani mwake, na kila jioni aliburuta kinu cha kutwangia akakiegemeza mlangoni. Alimlinda kuliko mpunga. Mpunga wenyewe nguruwe waliula.

Hayo Aurelia aliyameza. Kilichomkwama kooni ni mzani.

Kila mwezi nesi mmoja, Balbina, alikuja na baiskeli, akatundika mzani kwenye boriti ya banda la mpunga. Hakuwa mtu mbaya, ila Mungu alimpa sauti ya kuita kivuko. Kila mtoto aliyepimwa alitangazwa. Aliyeongezeka alipigiwa vigelegele. Aliyepungua alipewa maziwa ya unga, na mama yake akapewa jina. Maana pale kila mtu alijua kwa nini mtoto hupungua: amebemendwa, mama yake amelala na mwanamume kabla ya kumwachisha ziwa. Malaria haikuulizwa. Uji wa maji matupu haukuulizwa. Baba hata hakutajwa.

Na kwa Aurelia, ambaye mume yuko Kimamba, kubemenda maana yake ilikuwa moja: ana bwana mwingine. Angerudishwa kwao Lupiro, na Donati angebaki kwa Katarina.

Donati alikuwa anapungua. Mama yake alilijua hilo mgongoni, kila alipombeba.

Sasa, kamba ya kiuno ya mtoto, yenye kitambaa cha dawa ya kinga, haivuliwi mbele za watu. Walibatizwa wote, lakini kamba ni kamba. Balbina alikuwa ameshagombana nao akachoka, akakubali watoto wapimwe na vitambaa vyao kiunoni. Ndani ya kitambaa cha Donati, Aurelia alishonea chubwi, zile risasi za kuzamishia nyavu, alizopewa na kaka yake. Kila mwezi aliongeza.

"Donati wa Aurelia kaongezeka," Balbina alitangaza. Vigelegele vikapigwa, Katarina akavipokea kama yeye ndiye aliyenyonyesha. Maziwa wakapewa wengine.

Mwezi wa nne wa chubwi hizo, Balbina aliangalia mzani, akamwangalia mtoto, akakunja uso.

"Mtoto mzito hivi bado hajatambaa, mama Donati?"

"Anatambaa," Katarina alidakia. "Mjukuu wangu huyu ataanza kukimbia kabla ya kutembea."

"Basi mweke mkekani tumwone."

Aurelia alimweka. Donati aliinua kichwa, akasukuma kwa viganja vyake vyembamba, kiuno kisiinuke. Akajaribu tena. Hakulia. Alimtazama mama yake tu, kama anayesubiri ruhusa.

Hapo ndipo Aurelia alipokasirika, na hasira ile alikuwa ameichelewesha sana. Alipiga magoti, akakata kamba na kuchana kitambaa kwa meno mbele ya wote. Chubwi zikamwagika mkekani.

"Mpime tena, Nesi."

Balbina alimpima, akasema kitu kwa chini.

"Mbona leo unanong'ona? Watoto wa wenzangu ulikuwa unawatangaza mpaka ng'ambo ya mto. Tangaza."

"Amepungua," Balbina alisema. "Amepungua sana."

Katarina alisimama, akajifunga kanga upya. "Mmesikia wenyewe. Kambemenda mtoto wa mwanangu."

"Nimembemenda na nani, Mama? Tangu nijifungue nalala miguuni pako, na mlangoni umeweka kinu. Kama kuna mwanamume aliingia, alikukanyaga. Hukusikia?"

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Haikusaidia, banda zima lilishaambukizwa.

"Samaki wote wanaoletwa na kaka yangu unakula wewe," Aurelia aliendelea. Yeye hakucheka. "Mtoto akila samaki atakuwa bubu, unasema. Mimi ninayenyonyesha nikila, maziwa yatanuka. Ila wewe ukila hakiharibiki kitu. Sema mwenyewe nani kambemenda."

Katarina aliwageukia wenzake. Wenzake walikuwa wanatazama chubwi. Wawili watatu walikuwa wameshika vitambaa vya watoto wao kwa nguvu kidogo, na Balbina aliwaona.

"Kuanzia leo sitangazi mtoto wa mtu," alisema. "Fungueni hivyo vitambaa. Maziwa yapo."

Aurelia alirudi nyumbani na kopo la maziwa mkononi na Donati mgongoni, mwepesi kuliko alivyoweza kuvumilia. Alikokota kinu kutoka chumbani mpaka uani, akatia samaki wakavu, akatwanga mpaka wakawa unga wa kutia kwenye uji. Katarina alisimama kizingitini akimtazama.

"Na usiku mlangoni nitaweka nini?"

"Jilaze mwenyewe, Mama," Aurelia alisema, akaendelea kutwanga.