Pistoni kwenye Beseni la Mama

Mimi ni mtu wa kuwaka haraka, na mama yangu analijua hilo tangu nizaliwe. Ndiyo maana Jumamosi ile, niliporudi nyumbani Makadara kutoka sokoni na kumkuta uani na beseni la maji ya sabuni, alianza kujitetea kabla sijauliza.

"Nimewasaidia," akasema. "Zile vyuma zenu zilikuwa na uchafu mpaka ni aibu."

Pistoni nne za katapila la Baba, tulizokuwa tumezitoa ili kuifufua injini, zilikuwa zimeanikwa juu ya gunia, zinang'aa kuliko sufuria za harusi. Alikuwa amezisugua kwa majivu na waya, akazisuuza, kisha akazipanga kwa uzuri, inayong'aa zaidi ikiwa mbele. Alama za chaki alizoandika Baba, moja hadi nne, zilikuwa zimekwenda na povu.

Nilifoka mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Kwa asiyejua mitambo, nieleze. Pistoni iliyofanya kazi miaka mingi katika tundu moja huzoeana nalo kama mguu na kiatu. Ukiipeleka kwenye tundu la mwenzake itabana au itacheza, na injini itafuka moshi au igome kabisa. Fundi mwingine angezigonga alama kwa nyundo na patasi. Baba alikataa, kwa sababu kwake kugonga pistoni ya kale ni sawa na kumpiga mzee kofi. Kwa hiyo tukatumia chaki, na Mama, ambaye hakubali doa lolote lione Jumapili, akaifuta.

Katapila lenyewe lilikuwa kwenye ploti yetu kule Njiru. Baba aliliendesha enzi za ujana wake akichonga barabara. Lilipochakaa likapigwa mnada, naye akalinunua, na Mama akanuna mwezi mzima. Liliota nyasi hadi kwenye kiti. Majirani walisema la kuvunda halina ubani, na Baba alikuwa akicheka tu. Sasa tulitaka kujenga vyumba vya kupangisha, hivyo ilibidi liondoke. Mkulima mmoja wa Kitale alikubali kulichukua kwa sharti moja: lijiendeshe lenyewe hadi juu ya lori. Likishindwa, watu wa gesi wangelikata vipande pale pale, liende kwa chuma chakavu.

Baba naye alikuwa na sharti lake. Alitaka kulipandisha mwenyewe. Mikono yake ilianza kutetemeka alipostaafu; chai humwagika kabla haijafika mdomoni, na daktari alituambia wazi kwamba hali hiyo itazidi. Mimi niliyekua nikimshikia spana ndiye niliyegeuka mikono yake katika kazi ile yote. Lakini siku ya kuliaga hakutaka mikono ya kuazima. Alilisema mara moja, mezani.

Alipofika uani na kuona gunia, alikodoa macho, kisha akacheka mpaka akaketi chini.

"Mama watoto, hata kiwandani hazikutoka safi hivi!"

Mama hakucheka. "Hizo vitu ziko jikoni yangu tangu Krismasi. Nilitaka mmalize haraka. Nilitaka uiendeshe ukiwa bado unaweza."

Hasira zangu ziliishia hapo. Nikaona haya, nikachukua beseni nikamwaga maji.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Njiru sote watatu. Kazi ilikuwa kuingiza kila pistoni katika kila tundu bila ringi zake, zile pete za chuma zinazoizunguka, kupenyeza ubavuni kipande chembamba cha bati cha kupimia nafasi, kisha kukivuta na kusikiliza kwa vidole. Baba alijaribu kwanza. Bati likamchezacheza mkononi, asisikie chochote, akanipa bila kuniangalia. Akaketi juu ya mtungi mtupu wa dizeli.

"Vuta polepole. Inakuja aje?"

"Inateleza tu."

"Hapo si kwake. Leta ingine."

Mama alikuwa amezifunga zilizobaki kwenye leso, amezipakata kama mtu anayengoja zamu kliniki. Alinipa moja moja, na kila iliyokataliwa aliipokea na kuifuta tena, nami sikufoka.

"Hii inakuja kama uzi kwenye blanketi," nikasema mwishowe.

"Hiyo imefika nyumbani," Baba akasema.

Kufikia alasiri zote zilikuwa zimepata makao. Tukaweka ringi mpya, gasketi mpya, tukafunga. Sijawahi kufurahia kazi kama ile, na nimefanya kazi nyingi safi zaidi.

Siku ya lori ilifika. Dereva, kijana wa Kware, alilizunguka katapila huku akitikisa kichwa.

"Niaje, mzee. Na hii kitu ni ya kitambo! Itapanda kweli?"

"Wewe teremsha mbao za kupandia," Baba akamwambia.

Makatapila ya zamani huamshwa na injini ndogo ya petroli iliyo ubavuni. Nilivuta kamba, ile ndogo ikalia kama kinu cha posho. Baba akaiunganisha na kubwa. Kubwa ikazunguka, ikakohoa moshi mweupe, ikanyamaza. Kisha silinda moja ikashika, ya pili ikafuata, na ghafla zote nne zikawa zinaongea. Mama akapiga kigelegele.

Baba alipanda akishika bega langu. Nilibaki kando ya kiti, tayari kudaka vyuma vya kuliongozea.

"Shuka," akasema.

Nikashuka. Minyororo ikaanza kutembea. Niliikazia macho mikono yake, nikingoja ikosee. Lakini katapila zima lilikuwa linatetemeka, boneti, kiti, bomba la moshi, na mikono yake humo humo, isitofautike na kitu kingine chochote. Likapanda katikati ya mbao, bila kuyumba, likasimama juu ya lori.

Mama akasogea mbele, akapaza sauti kushinda injini. "Zima sasa, mzee! Imefika!"

Baba akatikisa kichwa.

"Kidogo," akasema. "Niacheni kidogo."

Tukamwacha.