Kijana wa Mabawa

Juzi nilimkuta mwanangu akicheza kwenye simu ule mchezo wa kijana mwenye mabawa anayepanda kutoka kuzimu, nikakumbuka utoto wangu kijijini Malili.

Siku moja mama alishikwa na uchungu wa uzazi, mkunga akatuondoa nyumbani. Dada yangu Mwende alinipeleka dukani kwa Mama Asha, ambako kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na gemu ya televisheni, mchezo uleule wa kijana mwenye mabawa, naye akaanza kuucheza. Sikuweza kutulia. Niliamini kijana yule akifika juu, mama atapona.

“Usimwangushe,” nilimwambia Mwende.

“Kaa chini, Ndanu.”

Kijana wa mabawa alianguka. Nilikimbia hadi nyumbani nikilia. Mama alikuwa kitandani, mtoto kifuani.

“Mama, umeponaje na yeye ameanguka?”

“Nani?” aliuliza, akisogea ili nilale kando yake.