Damu Ipitayo Tumboni

Chuo chetu kilijisifu kwa watu kiliowakataa. Mkuu wa chuo, mzungu wa misheni mwenye sauti nzito, alipohutubia wageni hakuwaambia tumefundishwa nini. Aliwaambia ni vijana wangapi walifanya mtihani wa kuingia na wangapi walirudishwa makwao, na wageni wakapiga makofi. Hiyo ilikuwa Kinondoni, kwenye minazi, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya pili. Mie mtoto wa muuza nyama wa Temeke nilichaguliwa, na baba akachinja mbuzi wawili akalisha mtaa mzima. Nilipoingia, juma moja lilitosha kunionyesha kwamba walipomaliza kutuchagua walikuwa wamemaliza kazi yao yote.

Tulisomeshwa hivi. Mwalimu aliingia, akafungua daftari lake, akasoma kwa Kiingereza, nasi tukaandika. Tuliyoyaandika tuliyakariri, na siku ya mtihani tukamrudishia maneno yake jinsi yalivyotoka. Ukiweka neno lako mwenyewe, hata liwe zuri kuliko lake, alama imekwenda. Swali liliruhusiwa Ijumaa tu, kwa maandishi, na lazima litaje ukurasa. Wenzangu waliona hiyo ndiyo elimu ya juu. Walitembea barabarani wamevimba, vitabu kwapani, na watu wa Magomeni wakawapisha njia.

Mwalimu wa sayansi alikuwa mtu wa bara, kaptura ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata. Alisoma chuoni hapo hapo, na daftari alilotusomea aliliandika yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi. Miaka yote aliyofundisha hakuongeza hata mstari. Simwonei. Nimejaribu kumkumbuka kwa wema nikashindwa.

Mie nilitaka udaktari. Mama alifia kwenye uzazi nikiwa na miaka tisa, na tangu siku ile sikutaka kazi nyingine duniani. Kila mwaka chuo kilipeleka majina mawili tu kwenye usaili wa kwenda kusomea udaktari Uganda. Jina langu lilikuwa mojawapo. La pili lilikuwa la rafiki yangu wa bweni, kijana mpole ambaye hakuwahi kuuliza swali, si Ijumaa wala siku nyingine.

Siku ya somo la damu, mwalimu alisoma kwamba damu ikitoka upande wa kulia wa moyo huingia kwenye mshipa mkubwa, na mshipa huo huipeleka, akafungua ukurasa, tumboni, ambako huchanganywa na majimaji makali na kusagwa. Kalamu zote zikaandika. Yangu ikasimama. Nimekulia buchani. Nimeushika moyo wa ng'ombe ukiwa bado na joto, nao umeshikana na mapafu kiasi kwamba lazima utumie kisu kuvitenganisha. Nikamtazama pale mbele, na kutoka benchi la kwanza niliona kwamba ukurasa ule aliofungua ulikuwa mnene kuliko mwenzake. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana, na somo la damu likaruka hadi somo la chakula.

Jumapili nilikwenda Temeke nikamsomea baba nilichoandikishwa. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, huyo mwalimu wenu hajawahi kuona ng'ombe? Hebu njoo."

Akachukua moyo na mapafu ya ng'ombe wa asubuhi ile, vikiwa bado pamoja, akaniambia nimimine maji upande wa kulia na nishike vizuri. Mapafu yakajaa, yakaumuka mikononi mwangu, yakaanza kutiririka. Baba akasema, "Tumbo liko kule kwenye ndoo. Limelowa?"

Nikavifunga kwenye majani ya mgomba, nikaviweka kwenye kapu la baiskeli, nikarudi Kinondoni na nzi wote wa Ilala nyuma yangu. Nilidhani nampelekea mwalimu zawadi. Kwa kweli nilidhani atafurahi. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Jumatatu, kabla ya kengele, nilimfuata mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hiyo nini inanuka?"

"Moyo wa ng'ombe, mwalimu, na mapafu yake. Naomba nikuonyeshe damu inakopita. Nadhani kwenye daftari lako kurasa mbili zimegandana. Ukizibandua, nadhani utaona."

Alilitazama kapu kwa nukta moja. Kisha akalitazama daftari, nami niliona kidole gumba chake kikipapasa ule ukurasa mnene, taratibu. Alijua. Mpaka leo naapa kwamba alijua palepale, na wembe wa kuchongea penseli ulikuwa mfukoni mwake. Zilihitaji kubanduliwa tu.

"Darasa zima limeandika," alisema. "Waliotangulia wameandika, wakafaulu, wana vyeti. Wewe ndiye unataka kunifundisha kwa nyama ya buchani?"

Akanipeleka kwa mkuu wa chuo. Mkuu hakuuliza damu inapita wapi. Aliuliza kama nimemkosea mwalimu adabu mbele ya watu, na kama bado nataka jina langu libaki kwenye orodha. Nikasema nataka. Basi, akasema, nitaomba radhi, na kila asubuhi mpaka mwisho wa muhula nitasimama mbele ya darasa nikariri somo la damu kama nilivyosomewa, neno kwa neno. Kapu likatupwa nyuma ya jiko, wakalifaidi mbwa.

Niliomba radhi. Nilikariri. Asubuhi za kwanza nilisema kwa hasira, nikilitupa neno lile la tumboni kama mtu anayetema. Mwalimu alinirudisha mwanzo mpaka nilipolisema kwa upole. Baada ya majuma kadhaa sikuhitaji hasira wala upole, mdomo ulikwenda wenyewe huku nikiwaza chakula cha mchana. Kwenye mtihani nikaandika yaleyale, nikapata alama zote, na mwalimu akanivika kilemba cha ukoka mbele ya wenzangu kwamba nimekua. Nilimchukia kwa sifa zile kuliko kwa adhabu.

Wasaili walikuja kutoka Uganda, wazungu wawili, wakakaa maktaba; siku hiyohiyo walitafuta na karani wa maabara yao. Rafiki yangu wa bweni aliulizwa juu ya jicho. Daftari la mwalimu, kwa bahati, lilikuwa zima kwenye jicho. Leo ni daktari, na nasikia ni daktari mzuri.

Nikaingia mie. Mmoja wao, daktari mzee mwenye mikono safi sana, aliniuliza kwa upole kabisa, kama anayenisaidia kuanza: damu ikitoka upande wa kulia wa moyo huenda wapi?

Nilifurahi. Mungu ni shahidi, nilifurahi, maana hilo nililijua kuliko kijana yeyote aliyepita mlango ule. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama nilivyosimama kila asubuhi, nikafungua mdomo. Ukaenda. Nilijisikia nikifika kwenye mshipa mkubwa, nikajisikia nikikaribia neno lile, na sikuweza kulizuia. Nilimaliza mpaka majimaji makali na kusagwa.

Wakatazamana. Hawakucheka, na afadhali wangecheka.

"Samahani, bwana," nikasema. "Si hivyo. Huenda kwenye mapafu. Nimeona kwa macho yangu."

Yule daktari akaweka kalamu chini. "Kama umeona kwa macho yako," akauliza, "kwa nini umesema tumboni?"

Mikono yangu ilikuwa bado nyuma, kama darasani. Kisha akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake, akaniambia nikitoka nimwite anayefuata, anayeomba nafasi ya ukarani wa maabara. Nikatoka, nikamwita.