Sufuria Iliyokwenda Kibombo

Sufuria ya alumini ikiyeyuka hainuki chuma peke yake. Kwanza hunuka kila kilichowahi kupikwa ndani yake: sombe ya majani ya muhogo, mawese, samaki wa mto Lualaba, wali ulioungua sikukuu moja ambayo hakuna anayeikumbuka tena. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, nimechuchumaa mbele ya shimo la makaa nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, nazungusha gurudumu la baiskeli tulilolifunga vipande vya bati ili lipulize moto, na naapa nilinusa chakula chote cha ndoa ya mama yangu kikipanda angani. Mbwa wa mtaa mzima walikuja. Wengine, nadhani, waliogelea kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto. Njaa ya wakati ule ilifika hapo: hata moshi wa sufuria tupu ulitutoa mate.

Ulikuwa wakati wa vita. Treni ililala stesheni mpaka majani yakaota kati ya reli, boti hazikuja, na njia za kutoka mjini zilishikwa na wenye bunduki, leo hawa, kesho wale, wote wakiuliza umebeba nini. Mashamba yalikuwa karibu lakini hayakufikika. Jirani mwenye chumvi alipika mlango ukiwa umefungwa. Katika Kindu hiyo baba yangu alikuwa na pikipiki, na haikuporwa kwa sababu moja tu: haikufanana na pikipiki. Duka la vipuri lilikuwa limebaki rafu tupu, basi kila kilichokufa baba alikitengeneza nyumbani. Breki alizivika soli ya tairi la lori. Vikanyagio vilikuwa miguu ya kitanda changu, ndiyo maana nililala chini vita vizima. Gasketi aliikata kwenye katoni ya sabuni, na kiti kilikuwa gunia la kahawa lililoshindiliwa sufi. Askari waliikagua, wakacheka mpaka wakakaa chini, kisha wakaondoka na mbuzi wetu.

Shangazi Mwavita, dada mkubwa wa baba, hakucheka. Tulikaa naye uwanja mmoja, mlango wake ukitazama wetu, na alikuwa hajasema na baba tangu Idi achukuliwe. Idi alikuwa mwanawe wa pekee. Shangazi aliposikia kwamba wenye bunduki wanakusanya vijana, alimwomba baba ampakie Idi ampeleke Kibombo, mbali kusini, jioni ile ile. Baba akamwambia angoje kesho, kuna kipande cha mnyororo bado anakichonga. Alfajiri walikuja, wakamtoa Idi kitandani. Jua lilipopanda, kipande cha mnyororo kilikuwa tayari.

Tangu hapo kaka na dada walisemezana kupitia kwangu, hata wakiwa wamesimama karibu kiasi cha kushikana mikono. "Ambia baba yako, moshi yake iko inaingia kwangu," shangazi angesema. "Ambia shangazi yako, moshi haina miguu, ni upepo njo inaileta," baba angejibu, njo yetu ikiwa ndiyo ya wengine. Nami katikati nilirudia kila neno kama redio, na ole wangu nikipunguza makali. Shangazi hakuniita hata kwa jina. Aliniita mutoto ya Kibombo, kwa kuwa mama yangu alizaliwa huko, na alilitamka hilo neno Kibombo kama mtu anayetema mbegu ya ndimu.

Na Kibombo ndiko mama alikokuwa. Alikwenda kwao kutafuta mchele, mdogo wangu akiwa mgongoni, na njia ikafungwa nyuma yake. Siku moja msukuma baiskeli ya mizigo alipenya na habari: mama amevimba mguu, hawezi kukanyaga chini, na vita vinasogea upande ule. Watu wanakimbilia msituni. Asiyeweza kutembea anaachwa.

Baba angeondoka saa ile ile kama si karte. Karte ni kile kifuniko cha ubavuni mwa injini kinachozuia oili isimwagike, na yetu ilikuwa imepasuliwa kwa kitako cha bunduki na askari aliyekasirika kwamba baba hakuwa na sigara ya kumpa. Baba alivigandisha vipande vyake kwa nta na sabuni mpaka umbo likarudi, akalikandamiza ndani ya mchanga wa mto uliochanganywa na udongo, katika fremu mbili za mbao, kisha akalitoa taratibu likabaki shimo lake. Tukayeyusha sufuria mbili za mama pamoja na pistoni ya lori, maana sufuria peke yake hutoa kitu laini kama ugali. Baba akamimina. Tulipofungua mchanga tulikuta nusu karte, nzuri sana, inang'aa kama mwezi mchanga. Alumini ilikuwa imetuishia.

Mjini haikuwako nyingine, kwa kuwa waporaji walibeba sufuria kabla ya kubeba nguo. Ila moja. Chini ya banda la mbuzi shangazi alikuwa amezika sufuria kubwa ya karamu, sufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake na bado akabaki na nafasi ya mgeni. Aliinunua kwa ajili ya harusi ya Idi. Sisi tulijua, naye alijua kwamba tunajua.

Baba hakuniambia nikaombe. Aliniambia nikamweleze tu kwamba karte imetoka nusu na mguu wa mama umevimba. Shangazi alikuwa akichambua majani ya muhogo, hakuinua kichwa, ila sauti aliipandisha ipite juu yangu.

"Ambia baba yako, ile sufuria njo ya Idi. Idi akirudi, nitamupikia wali ndani ya pikipiki?"

Nilimgeukia baba kurudia, akanizuia kwa mkono. Nilingoja jibu kali, maana siku zote alikuwa nalo. Safari hii alikaa chini, juu ya udongo mtupu, akaniambia nimwambie shangazi amesema kweli. Hilo lilinitisha kuliko risasi.

Shangazi aliinuka, akaingia bandani, tukamsikia akifukua kwa mikono huku akiwatukana mbuzi waliokwisha kuliwa zamani. Mara sufuria ikaruka uwanjani, ikapita karibu na sikio la baba, ikagonga ukuta kwa kishindo ambacho nina hakika kilisikika hadi mji wa Punia kule mbali. Alinitazama mimi kwa desturi, halafu akamtazama baba.

"Ambia yeye kesho hapana," akasema. "Leo."

Iliyeyushwa pamoja na ile nusu, ikamiminwa mchana ule ule. Karte ilitoka na mabaka na chunusi, baba akaitoboa, akaipiga tupa, akaifunga ingali na joto, na aliondoka oili ikidondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Shangazi alimgeuzia mgongo, akamwombea kifo njiani kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Baba alirudi akiwa hai, mama amefungwa kwake kwa kitenge, mtoto katikati yao. Shangazi alimchukua mtoto bila salamu, akamwogesha, akamkorogea uji.

Idi hakurudi. Shangazi na baba hawakusemezana tena mpaka baba alipofariki, na hata msibani, shangazi akiwapikia waombolezaji, alikuwa akimsema vibaya huku anakoroga.

Siku hizi Kindu ina pikipiki nyingi kuliko nzi, na vipuri vinaning'inia madukani kama vichane vya ndizi. Mimi nimesoma shule ya usiku nikiwa mtu mzima, nimepata cheti, na mtu akiniambia zamani kulikuwa kuzuri namtazama sana usoni. Majuzi karte ya pikipiki yangu ilipasuka kwenye jiwe. Nikanunua nyingine, imevikwa plastiki, fundi akaifunga kabla chai haijapoa. Shangazi, anayekaa kwangu sasa na macho yamefifia, akaipapasa kwa kiganja, polepole, kila pembe, akauliza hii ilikuwa sufuria ya nani. Nikamwambia si ya mtu, imetoka dukani tu, kwa pesa kidogo.

Akafuta mkono wake kwenye kitenge.

"Njo maana bei yake iko chini," akasema.