Ngoma Tuliyowaazima

Harufu ya rangi mbichi iliyochanganyika na mavi ya popo hunirudisha kwenye likizo niliyokaa kwa Bibi Kabula, mama yake baba, kule Kiseke. Nyumba za makumbusho zilikuwa juu ya kilima cha mawe nje ya mji wa Mwanza: moja ya vinyago na michoro, nyingine ya vyungu na majembe yaliyofukuliwa ardhini, ya tatu ya ngoma. Wageni wakubwa walitarajiwa, kwa hiyo kuta zilipakwa rangi upande wa barabarani tu. Kwa nyuma udongo ulikuwa ukimeguka, na ndani popo walijisaidia juu ya vyungu vya wazee wetu. Wenyewe waliita kazi hiyo kutunza urithi.

Bibi hakwenda kutalii. Kaka yake alikuwa amefariki, na tulikuwa tunakaribia kuanua matanga. Ngoma ya baba yao ilikuwa pale kilimani. Ukoo uliwaazima watu wa makumbusho kwa ahadi kwamba siku ya msiba itatolewa. Mkuu wa mahali pale, mtu wa makamo mwenye tai na tumbo lililomtangulia, hakumwamkia Bibi. Alimsikiliza huku akichokonoa meno, kisha akamweleza, kwa Kiswahili cha mikutanoni, kwamba ngoma sasa ni mali ya taifa na kibali cha kuitoa lazima kitoke juu. Bibi akauliza huko juu ni wapi. Tulionywa tu tusiguse kitu, maana jasho la mikono huharibu vitu vya kale.

Wageni wakafika. Mgeni rasmi alikikalia kiti cha mtemi apigwe picha, na mkewe akaweka mkoba na chupa ya soda juu ya ngoma yetu. Mkuu alicheka kuliko wote, ingawa hakuna aliyesema la kuchekesha. Bibi akasogea. Aliishusha soda sakafuni, akamkabidhi yule mama mkoba wake kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mkuu.

"Hii tuliwaazima," alisema. "Hatukuwapa meza."

Akaanza kupiga. Baba yao alikuwa amewafundisha wote wawili, yeye na kaka yake, ule mdundo mzito wa kumsindikiza marehemu. Mkuu alibabaika kidogo, halafu akapata njia ya kujiokoa: akawatangazia wageni kwamba hayo ndiyo mapokezi ya kijadi. Wakapiga makofi nje ya mdundo, na mmoja akatikisa mabega. Bibi hakuwatazama. Alipiga hadi mwisho, akapangusa ngozi ya ngoma kwa ncha ya kanga, akanishika mkono tukatoka. Njiani, machozi yakimtiririka, aliniambia, "Kaka amesikia. Wale wengine hawana masikio."

Hivi karibuni niliwapeleka wanangu. Siku hizi kuna geti, taa za rangi na vyoo vya vigae, na wasimamizi wanadhani hayo ndiyo maendeleo ya makumbusho. Dada aliyetutembeza alituonyesha ngoma ile akasema ni ngoma ya kukaribishia wageni rasmi, kama walivyofanya wazee tangu enzi. Nilimweleza kwamba ule aliopiga Bibi ulikuwa mdundo wa msiba, na msiba wenyewe ulikuwa wetu. Alinisikiliza kwa adabu, akaitikia kwa kichwa, kisha akaniuliza kama tungependa kupiga nayo picha.