Kazi ngumu ya kutomshika Bi Amne

Jua la Mirdif, Dubai, limelegea, na bustani ya mtaa imejaa watu waliojifungia ndani na viyoyozi tangu Mei. Watoto wanagombania bembea. Wanaume wenye vitambi wanakimbia kwa majuto. Katikati ya njia anatembea bibi mmoja mfupi, buibui amelipandisha juu ya vifundo vya miguu, mkongojo mkononi. Nyuma yake kidogo anafuata Severina, mfanyakazi wake wa nyumbani, mikono ameifunga mgongoni.

Bibi anayumba. Severina anavuta pumzi, macho yamemtoka, lakini mikono inabaki palepale mgongoni.

Mama mmoja aliyeketi kwenye benchi anamtupia jicho baya. "Yalla, mshike huyo mzee!" anamwambia kwa Kiarabu. Severina anatabasamu tu. Ameshazoea kuonekana mfanyakazi asiye na huruma kuliko wote mtaani.

"Kumbeba ningembeba hata mpaka uwanja wa ndege," anasema, akimsubiri bibi apumzike. "Kutombeba ndiyo kazi. Inaniuma hapa." Anajigusa kifua.

Severina ana miaka thelathini na tisa. Kwao ni Muleba, mkoani Kagera, na huu ni mwaka wake wa nane katika nyumba hii. Bi Amne ana sabini na sita. Alizaliwa Unguja, akaja Ghuba akiwa msichana, na Kiswahili chake hakijapoteza utamu hata chembe. Mwajiri ni binti yake, Huda, ambaye Severina humwita Madam. Bi Amne mwenyewe, Severina humwita Bibi, na kila asubuhi humsalimia kwa kupiga goti, kama alivyofundishwa kwao.

Jioni hizi za Oktoba Severina anahesabu siku kwa ajili ya jambo moja. Desemba anatakiwa awe Muleba. Huu ni mwaka wa tatu hajamwona mama yake, na likizo imeshaahirishwa mara mbili. Madam hakumkatalia. Tatizo ni kwamba Bi Amne alikuwa hawezi kuinuka bila mikono ya Severina, na mikono ya mtu mwingine hakuitaka kabisa.

Yote yalianza Oktoba ya mwaka jana, tena kwa furaha. Joto lilipopungua, viyoyozi vikazimwa na mlango wa uani ukafunguliwa ili upepo uingie. Vumbi nalo likaingia. Severina akamwaga maji uani kuliosha, kama afanyavyo kila mwaka. Bi Amne akatoka kuvuta hewa, miguuni kandambili zake za kutawadhia. Vigae vilikuwa havijakauka.

"Nilisikia kishindo," anasema Severina. Nyonga ilivunjika.

Hakuna aliyemlaumu, kwa hiyo akajilaumu mwenyewe. Bibi aliporudi kutoka hospitali, Severina alimlea kama yai. Kiatu, kijiko, glasi ya maji, rimoti ya televisheni: kabla Bi Amne hajanyoosha mkono, kitu kilikuwa kimeshafika. Akionyesha tu dalili ya kutaka kusimama, Severina ameshamwingiza mikono kwapani na kumnyanyua.

"Kwetu ukimwacha mzazi ainame na wewe upo, unasemwa kijiji kizima," anaeleza. "Mimi nilijua hiyo ndiyo heshima."

Mfupa ukapona, ila miguu ikasahau kazi yake. Kufikia Agosti, familia ilikuwa imeshanunua kiti cha magurudumu. Bi Amne alikitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nikikaa hapo miye, siinuki tena." Kiti kikawekwa stoo.

Ndipo Huda alipomwita Arwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Arwa alimwomba Bi Amne asimame. Hajamaliza kusema, Severina alikuwa ameshamnyanyua.

"Akaniuliza, 'Nani mgonjwa hapa, nani anafanya mazoezi?'" Severina anasimulia huku akicheka. "Nikadhani ananitania. Akaniambia nikae, nikalie mikono yangu. Mimi, mtu mzima!"

Akaikalia. Bi Amne akajaribu kusimama, akashindwa. Akajaribu tena, akarudi kitini kwa kishindo. Jasho likamtoka. Akamgeukia Severina, aliyemlisha na kumvisha mwaka mzima, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Seve, umenichoka?"

Severina alikimbilia jikoni, akalia mbele ya sinki la vyombo mpaka Madam akaja kumtoa. Ilibidi Huda na Arwa waketi wote pamoja na bibi na kumweleza taratibu kwamba hakuna aliyechoka, kwamba miguu isiyotumika hudhoofika, na kwamba Severina amekatazwa kumshika kwa faida ya bibi mwenyewe. Bi Amne alisikiliza. Kwa siku kadhaa, hata hivyo, aliitikia salamu za Severina kwa kuguna.

Miguu ikiwa inafundishwa upya, nyumba nayo ililazimika kubadili tabia. Vijizulia vya mapambo, ambavyo ncha zake hupenda kujikunja, vimeondolewa sebuleni. Kandambili zimetupwa, na Bi Amne sasa anavaa viatu vilivyofungwa nyuma, vyenye soli ya mpira, ambavyo anaviita viatu vya polisi. Bafuni kumefungwa vyuma vya kushikilia. Uani bado huoshwa, ila mlango ukiwa umefungwa, na haufunguliwi mpaka Severina apite mwenyewe peku kuhakikisha vigae vimekauka. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji daktari, na yeyote mwenye mzee nyumbani anaweza kuanza leo.

Chanjo ya mafua Bi Amne alikubali kuchomwa, kwa manung'uniko yaliyosikika hadi barabarani. Vita kubwa ni ya maji. Hewa ikipoa kiu hupotea, na mzee hukauka mwilini bila kujitambua, halafu kizunguzungu humwangusha. Kwa hiyo Severina hujaza chupa mbili, kila mmoja na yake, wakashindana nani atamaliza kwanza.

"Ananishinda kwa wizi," Severina anashtaki. "Nikigeuka tu, yeye anamwagilia maua."

"Maua nayo yana kiu," anajibu Bi Amne, bila kugeuza shingo.

Siku iliyobadilisha mambo ilifika bila kupiga hodi. Ilikuwa alasiri, adhana imekwisha, na Severina alikuwa bafuni akikausha sakafu. Akasikia kiti kinalia. Alipotoka mbio, alimkuta Bi Amne amesimama, ameshika mgongo wa sofa, uso umelowa jasho.

"Usinishike!" bibi akamkemea. "Leo ukinishika, weye, sikusamehe!"

Severina aliganda. Kisha akaona kitambaa mkononi mwake kinachuruzika maji sakafuni, mbele kabisa ya miguu ya bibi. Akapiga magoti haraka na kuyafuta kwa kanga aliyojifunga, huku akimchungulia kwa jicho la chini. Bi Amne akapita pembeni yake, hatua kwa hatua, akaenda kutawadha mwenyewe.

"Tulilia kama tuliofiwa," anasema Severina, "na hakuna aliyekufa."

Khalas, imekwisha: tiketi ya Desemba imekatwa. Lakini furaha yake ina doa. Huko Muleba mama yake hajatoka chumbani tangu mvua za masika. Mdogo wake, Yuliana, anamhudumia kwa mapenzi yote: anamlisha, anamgeuza, anambeba hadi kwenye beseni. Severina amemsihi kwa simu amwache mama ajaribu, akae karibu naye, asubiri.

"Akaniambia, 'Dada, Dubai imekuharibu roho,'" anasema. "Simlaumu. Hata mimi nisingeamini kwa simu. Lazima niende, nikae naye mwenyewe. Nataka nimtoe mama nje akaone jua kwa miguu yake, Mungu akipenda."

Anajua huenda amechelewa. Mama yake ni mkubwa kuliko Bi Amne, na miezi yote hiyo ya kitandani si mchezo. Analisema hilo waziwazi.

Wakirejea nyumbani kutoka bustanini, Bi Amne anamwamuru akae mezani. Severina anakataa, anaamriwa tena. Kutoka jikoni inasikika sufuria, kisha kikombe, kisha kimya kirefu kinachomfanya Severina ainuke nusu na kuketi tena. Hatimaye bibi anatokea, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine umebeba kikombe cha chai ya maziwa aliyoiacha ipoe kwanza. Robo yake imemwagika njiani. Anakiweka mbele ya mfanyakazi wake.

"Mwambie mama'ko nilikuazima," anasema. "Sasa nakurejesha. Kaa naye mpaka asimame."

Severina anakiinua kikombe na kuinywa chai yote, ingawa bibi amesahau sukari.