Siku Nilipotangaza Maji Nisiyokuwa Nayo

Acha niwaambie mwenyewe kabla Bi Saumu hajawasimulia, maana yeye akisimulia hutia chumvi na mimi nimechoka kusahihisha: yule mwanamke aliyesababisha madumu ya manjano yajae njia nzima kule Magongo, mpaka pikipiki zikakosa pa kupita, na siku hiyo hiyo alikuwa anaposwa, ni mimi. Mimi huyu huyu Mghoi mnayenijua, mpole, wa kwaya, sauti ya pili.

Mambo yalianzia kwenye vitambaa. Nilipopunguzwa kazi katika ofisi moja ya mizigo (nilikuwa mtu wa faili, nikaambiwa faili zimeingia kwenye kompyuta, kwa hiyo mimi nitoke), nilirudi kwenye kazi aliyonifundisha mama, kufuma vitambaa vya makochi. Binamu yangu akanitengenezea tovuti, nzuri kwelikweli, ina picha, ina namba ya simu, ina hata ramani ya kumleta mtu hadi langoni kwetu, na chini yake nimeandika kwa adabu zote, "Karibuni nyumbani, Jumamosi tupo kutwa." Kilichokosekana ni watu. Kuna mahali panaonyesha walioingia leo ni wangapi, na kila asubuhi kabla sijapiga mswaki nilikuwa nafungua kuangalia: wanne. Nikafurahi wiki nzima, mpaka nikagundua kwamba kila nikifungua na mimi nahesabiwa, kwa hiyo wale wanne walikuwa mimi, mimi, mimi na Amani.

Amani ndiye aliyekuwa anakuja kuniposa. Ni dereva wa trela, mtu wa Kisauni, mtaratibu, anayeweza kukaa siku mbili kwenye foleni ya bandarini asimtukane mtu. Nampenda, sioni haya kusema. Lakini mama yake alifariki zamani na aliyemlea ni shangazi yake, Shangazi Kadzo, na kwao Shangazi Kadzo akisema hapana hakuna mzee anayesema ndiyo. Msichana wa kwanza aliyepelekwa mbele yake alikataliwa kwa sababu alicheka kabla wazee hawajamaliza kuongea. Sasa mimi nina miaka thelathini na minne, na mama yangu ameshaanza kuniombea kwa sauti hata mbele ya muuza sukuma wiki. Nilijua nikikosea kwa huyu shangazi sina pa kukata rufaa.

Basi wiki zile nilikuwa nasoma kozi ya bure ya kutangaza tovuti, kwenye simu, bando linakatika kila mwalimu anapokaribia kusema jambo la maana. Mwalimu mwenyewe ni kijana mwenye miwani na meno mengi, anaongea kama anakimbizwa. Siku ya Ijumaa, posa ikiwa kesho, nilikuwa nimepiga pasi mapazia, nimesugua sakafu kwa maji ya kuhesabu kikombe kwa kikombe (mifereji ilikuwa imekauka siku ya tisa, mama amenunua maji ya mkokoteni mpaka tangi likajaa, kwa ajili ya wageni), mgongo unauma, nikajitupa kitandani na somo la sita. Kijana akasema, "Usiandike unachouza wewe! Andika kile ambacho watu wa kwenu wanakitafuta!"

Nikajiuliza, watu wa Magongo wanatafuta nini? Vitambaa vya makochi? Watu wa Magongo wanatafuta maji! Asubuhi maji, jioni maji, hata kwenye kwaya kabla ya maombi ya kufungua mtu anauliza kama kwenu yametoka. Nikainuka, nikaandika juu kabisa ya tovuti yangu, kwa herufi kubwa: MAJI MAGONGO LEO, SAA NGAPI NA WAPI. Chini yake nikaweka maneno ya kijanja, kwamba sote tunasubiri maji, na wakati tunasubiri si vibaya kupendezesha makochi yetu, kisha picha za vitambaa, kisha namba, kisha ile ramani. Nikajiona nina akili ya peke yangu. Nikatuma linki kwenye grupu la wapangaji, la kwaya, na la wazazi wa shule fulani (sina mtoto, niliingizwa kwa makosa na nikaona haya kutoka).

Nilipomaliza kukuna nazi nikaangalia: watu arobaini. Nilipomaliza kuchambua mchele: mia mbili. Nikacheza jikoni peke yangu na mwiko. Mama akauliza, "Ndiyo furaha ya kuolewa hiyo?" Nikamwambia, "Hapana, mama, ni biashara." Akanitazama kwa huruma.

Jumamosi, kwenye saa tano asubuhi, niliona dumu moja nje ya lango letu, limeandikwa kwa rangi ya kijani, MAMA TATU. Nikadhani kuna mtu amelisahau. Nikaingia ndani kusukwa, nikatoka nywele nusu, nikakuta sita. Nikarudi, nikatoka tena, yamefika hadi kwa kinyozi na yanapinda kona. Na mnajua dumu lilivyo kwetu: dumu likishapangwa ni sawa na mwenyewe amesimama hapo. Unaweza kwenda kupika, ukalala, ukarudi, nafasi yako ipo. Atakayelisogeza la mwenzake ajiandae kwa vita.

Mama alimwomba jirani yetu Bi Saumu, ambaye ndiye aliyeandaliwa kuongoza akina mama kupokea wageni, ayasogeze kidogo wageni wapate njia. Bi Saumu akakunja mikono. "Wallahi, bibi, mimi dumu la mtu siligusi. Nimezeeka, sitaki kuzikwa leo."

Nikafungua simu. Watu zaidi ya elfu moja. Na kwenye grupu la wapangaji mtu ameandika, "Imethibitishwa. Ni kwa kina Mghoi, ramani ipo, tupo kutwa." Mwingine chini yake, "Mungu awabariki hiyo familia."

Moyo wangu ulidondoka hadi kwenye kandambili. Hawakusoma ya vitambaa. Nani mwenye siku tisa bila maji atasoma ya vitambaa? Walisoma kichwa, wakafungua ramani, wakabeba madumu. Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilikuwa ujinga na hili lilikuwa woga: badala ya kutoka niseme ukweli, nilijifungia chumbani. Nilikuwa na kisingizio kizuri, maana anayeposwa hatakiwi kuonekana mpaka aitwe na wazee. Nikakaa kitandani na nywele zangu nusu, nikisema moyoni watachoka, wataondoka.

Hawakuchoka. Saa nane wageni wakafika.

Desturi ni kwamba wageni wakifika langoni akina mama wetu wanawazuia, wananyoosha leso mlangoni, wanawatania, wanaimba, mpaka wageni wajieleze vizuri ndipo wafunguliwe. Bi Saumu alikuwa amejizoeza kwa siku tatu. Lakini hata hakupata nafasi ya kufungua mdomo, kwa sababu watu wa foleni walimtangulia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikia kila neno.

"Mstari unaishia kule kwa kinyozi, mzee," alisema bwana mmoja mwenye madumu mawili.

"Sisi ni wageni, baba," alijibu mshenga wao, mzee mwenye kofia na bakora.

"Hata sisi wageni. Mimi nimetoka Mikindani."

"Tumekuja kuposa."

"Kila mtu ana lake hapa. Yule wa mbele alisema anapeleka hospitali, kumbe muongo. Pangeni tu, wazee wangu, msituharibie utaratibu."

Simu yangu ikalia. Amani, ananong'ona. "Mghoi, kwenu kuna nini? Tumeambiwa tupange mstari."

"Na... mmepanga?"

"Shangazi amepanga. Yuko nyuma ya mama mwenye madumu matatu. Hasemi kitu, anaangalia simu tu. Mghoi, shangazi akinyamaza mimi huogopa."

Nilimwona kupitia pazia. Mama mnene, wa heshima, leso mpya, kilemba kimefungwa vizuri, amesimama katika jua la saa nane kwenye foleni ya maji ambayo hayapo, kwa sababu yangu. Nikamwona Amani naye na koti la suti, jasho linamtiririka, amemshikia shangazi yake mwavuli. Nikasema basi. Nikikaa humu mpaka niitwe, hakuna atakayekuja kuniita.

Nikatoka. Upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine umesimama kama ufagio. Nikasikia Bi Saumu akisema, "Yallah, bibi harusi katoka!" Nikapanda juu ya kizingiti cha lango, nikasema kwa ile sauti ya pili ambayo haijawahi kuimba peke yake, "Jamani, samahanini. Hapa hakuna maji. Mfereji wetu umekauka kama yenu. Mimi ndiye niliyeandika kile kichwa, nilitaka watu waingie waone vitambaa vyangu."

Yakaja maneno, na mengine siwezi kuyarudia hapa. Mmoja alisema nipelekwe kwa chifu. Mwingine akauliza kama vitambaa vyangu vinanyweka. (Hilo lilikuwa zuri, hata mimi ningecheka, siku nyingine.) Lakini si hao walionimaliza. Aliyenimaliza ni yule mama wa madumu matatu, aliyekuwa mbele ya Shangazi Kadzo. Alisogea mpaka langoni, wala hakupaza sauti hata kidogo. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, mimi nimefunga kibanda changu cha viazi vya kukaanga kule Mikindani kuja hapa. Leo Jumamosi, ndiyo siku yangu ya kuuza. Ungeandika tu vitambaa."

Nililia palepale, juu ya kizingiti, mbele ya wakwe. Sikulia kwa aibu ya posa, hiyo nilishaizoea ndani ya dakika mbili. Nililia kwa sababu nilijua kukaa siku tisa bila maji ni nini, nilikuwa nimesugua sakafu kwa vikombe jana yake, na bado nikaifanya shida ile chambo.

Mama yangu alipita pembeni yangu, akafungua lango lote, akamshika yule mama wa viazi mkono, akampeleka kwenye tangi letu, lile la maji ya wageni, akamjazia dumu la kwanza mwenyewe. Kisha akaita, "Mmoja mmoja, dumu moja moja, yakiisha yameisha!" Yakaisha kabla hawajafika nusu ya mstari. Waliokosa wakaondoka wakinung'unika, lakini wakiwa wamepoa, na wengine wakawaamkia wazee wa Amani shikamoo na kuwatakia heri.

Ndani, chakula kilikuwepo na maji ya kunawa hayakuwepo, wazee wakapanguswa mikono kwa kitambaa chenye unyevu. Mjomba wangu akaanza hotuba yake mara mbili na mara zote akasahau. Mwisho Shangazi Kadzo akainua mkono, na chumba kizima kikatulia, hata Bi Saumu.

"Mimi nimesimama juani nusu saa," alisema. "Aliyesimama juani nusu saa na simu mkononi atafanya nini? Nikafungua hiyo linki wanayoisema watu. Nikasoma yote, mpaka chini. Mwanamke aliyeandika pale juu sikumpenda, tuelewane." Nikaangalia sakafu. "Lakini desturi ilikuwa inamficha. Angekaa chumbani mpaka giza na hakuna ambaye angemlaumu. Katoka na nywele zile." Akanigeuzia simu yake, picha za vitambaa vyangu ziko wazi. "Na mimi nina makochi ya watu saba. Hiki chenye waridi jekundu, utanifumia lini?"

Mama akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Mikindani. Amani akajifuta uso kwa leso, akisingizia jasho. Nami, kwa kichaa cha biashara, nikafungua mdomo kutaja bei, na mama akanifinya paja kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

Kile kichwa nilikifuta mbele ya wazee wote, mshenga akihakikisha kwa miwani yake. Jumatatu nilikwenda Mikindani nikauliza-uliza mpaka nikakipata kibanda cha yule mama wa viazi, nikaomba radhi, nikauza naye hadi jioni, na nimeungua mafuta mahali pawili. Tangu hapo nimeapa: sitaandika tena kitu ambacho mtu akija langoni kukidai siwezi kumpa mkononi. Yule mwalimu wa miwani nimemwacha kwenye somo la sita. Juu ya tovuti yangu sasa pameandikwa VITAMBAA, basi, na wanaoingia ni wachache lakini wanajua wanachokuja kuchukua. Shangazi Kadzo anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada kuuliza nimefika wapi. Nimefika kochi la nne, vidole vinaniuma, na kulalamika sithubutu.